Mji Ulizingirwa, Ulitwaliwa au Ulitekwa? Uhakiki wa Istilahi za Vita vya Bandari katika Ufundishaji wa Historia

Utangulizi

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Tanzania alijifunza historia kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akaingia sekondari na kuianza upya kwa Kiingereza. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo hufundishwa kwa Kiswahili katika sekondari pia. Jambo hili ni la kufurahiwa, lakini limekuja na deni lake. Maneno yaliyomtosha mtoto wa darasa la tano sasa yanatakiwa kubeba uchambuzi wa kijana wa kidato cha nne.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki fungu moja dogo la maneno hayo, yaani istilahi za vita vilivyopiganiwa miji ya bandari. Tumechagua vita vya Kilwa na Mombasa kwa sababu ndivyo vinavyojulikana zaidi, na kwa sababu walimu huvitumia kama kielelezo wanapofundisha vita vingine. Tunavitazama, hata hivyo, kutoka Mbeya na Iringa. Mwanafunzi wa pwani aweza kwenda akaziona kuta zenyewe, na neno lililokosewa kitabuni likasahihishwa na macho yake. Mwanafunzi wa Rungwe au Mufindi hana jingine ila neno. Likiwa bovu neno, na historia aliyoipata ni bovu. Tena Nyanda za Juu Kusini zina ngome zake na vita vyake, na istilahi zilezile ndizo zinazotumika kuvisimulia.

Dai letu ni moja. Kila kitenzi cha vita ni taarifa: kinaeleza nani alifanya nini, kwa muda gani, na kwa haki ya nani. Istilahi haiwezi kusanifishwa kwa kutazama umbo na matamshi peke yake, bali ni lazima ipimwe kwanza na matukio yenyewe.

1. Mazingira na mazingiwa

Mwalimu mmoja wa Mbeya ametueleza habari ya swali la mtihani wa shule lililowataka wanafunzi waeleze mazingira ya Mombasa kati ya mwaka 1696 na 1698. Wanafunzi walijibu kwa bidii. Walitaja minazi, mikoko, joto na mvua za masika. Mtungaji alikuwa akiuliza habari za jeshi la Oman lililoizunguka Ngome ya Yesu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Fort Jesus, kwa muda wa miezi 33. Wanafunzi hawakukosea. Walijibu swali lililoandikwa.

Chanzo cha tatizo ni dhahiri. Kitenzi zingira ni cha kale, na maana yake ya kuzunguka kila upande ilitosha kwa adui azungukaye mji kama ilivyotosha kwa ua uzungukao nyumba. Lugha ilipohitaji neno la jumla ya vitu na hali zimzungukazo kiumbe, ilitoa nomino mazingira kutoka kitenzi hicho. Nomino hiyo imefaulu mno. Leo ina wizara, sheria, masomo na siku yake ya kuadhimishwa. Haiwezi tena kurudishwa vitani, na mwandishi anayeng'ang'ania kuirudisha anapigana na wasomaji wake mwenyewe.

Lililobaki ni kuchagua kati ya maneno matatu. La kwanza ni mazingiwa. Si neno la kubuni, kwa kuwa wanakamusi wamekwisha kulitambua, na kasoro yake ni kwamba halijazoeleka. La pili ni kitenzi husuru, chenye asili ya Kiarabu. Hiki kimeishi katika masimulizi ya pwani, na wasomaji wa Biblia ya Kiswahili, ambao ni wengi sana Iringa na Mbeya, wanakifahamu kutokana na habari za Nebukadreza na Yerusalemu. La tatu ni uzingiraji, ambalo limeundwa kwa kanuni ya kawaida ya kutoa nomino ya kitendo.

Wapo wanaosema neno moja latosha na mengine yaachwe. Sisi hatukubaliani na rai hiyo. Uzingiraji ni kazi ya aliye nje, naye huhesabu askari, chakula cha jeshi na siku za kukaa kambini. Mazingiwa ni hali ya aliye ndani, anayehesabu maji kisimani na wafu. Katika Fort Jesus tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mwaka 1697, baada ya maradhi kuwaua karibu Wareno wote waliokuwamo, ngome ilishikwa kwa muda na Bwana Daud wa Faza pamoja na watu wake na Waafrika wengine, wanaume kwa wanawake. Kitabu kinachosema tu kwamba Waomani waliwazingira Wareno kimeufuta ukoo huo wa Faza pamoja na wanawake hao. Mwalimu mwenye neno mazingiwa aweza kuuliza swali ambalo mwenye neno uzingiraji peke yake hawezi kuliuliza: ni nani hasa waliokuwa ndani?

2. Nchi kavu na bahari

Mji wa bandari hauzingirwi kama mji wa bara, na hapa ndipo istilahi zetu zinapopungukiwa zaidi. Jeshi laweza kuushika mji wote kwa upande wa nchi kavu, na waliomo wakaendelea kula, kwa sababu mlango wa bahari u wazi. Historia ya dunia imejaa mifano. Mwaka 332 kabla ya Kristo, Alexander wa Makedonia aliukabili mji wa Tiro, uliokuwa kisiwani, kwa muda wa miezi saba. Alijenga njia ya mawe na udongo kuivuka bahari, lakini hakufaulu mpaka alipopata merikebu za kuufunga mji upande wa maji. Mwaka 1453 Waturuki wa Sultani Mehmed wa Pili walipouzingira Constantinople, mlango wa ghuba yake ulikuwa umefungwa kwa mnyororo, nao wakazipitisha merikebu zao juu ya nchi kavu ili waingie ghubani kwa upande wa pili.

Mombasa ni somo lilelile katika pwani yetu. Mazingiwa yalianza tarehe 13 Machi 1696, na Waomani waliushika mji. Lakini Fort Jesus ilijengwa mahali panapotazama mlango wa bandari ya kale, na merikebu kutoka Goa ziliweza bado kufika chini ya kuta zake na kushusha watu na chakula. Mojawapo, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na mabaki yake yalichunguzwa na wataalamu wa mambo ya kale kuanzia mwaka 1977. Vita hivyo, kwa hiyo, vilikwenda kwa kalenda ya pepo. Kaskazi ndiyo iliyozileta merikebu kutoka pande za Bara Hindi na Arabuni, na pepo zilipogeuka waliokuwa ngomeni walikaa wakingoja. Ngome ilitwaliwa tarehe 13 Desemba 1698, na siku chache baadaye merikebu za msaada kutoka Goa zilifika na kuikuta bendera ya Oman juu ya ukuta.

Mfasiri anayeandika kwamba Mombasa ilizingirwa miezi 33 hajasema uongo, ila amemwachia msomaji fumbo: watu waliishije ndani miezi yote hiyo? Jibu limo katika tofauti kati ya kuzingira kwa nchi kavu na kufunga bandari. Kwa jambo hili la pili baadhi ya waandishi hutumia vikwazo, neno ambalo watumishi wa serikali wanalijua kwa maana ya adhabu za kiuchumi zinazowekwa na mataifa. Vikwazo huwekwa kwa azimio, na bandari hufungwa kwa merikebu na mizinga. Tunapendekeza ufungaji wa bandari. Maneno hayo ni mepesi, na mwanafunzi wa Kyela, ambaye bandari anayoijua ni Itungi katika Ziwa Nyasa, atayaelewa bila ya kuhitaji kuiona bahari.

Kyela inatukumbusha jambo jingine. Fasili nyingi za bandari katika vitabu vya shule huanza na bahari, na kwa hiyo humtenga mtoto wa ziwani na neno ambalo ni lake pia. Bandari ifasiliwe kwa kazi yake, yaani mahali penye kina na hifadhi ambapo vyombo vya majini hutia nanga, hupakia na kupakua. Kutoka hapo mwalimu wa Mbeya aweza kuieleza Mombasa kwa kulinganisha, badala ya kuisifu tu kwamba ilikuwa ya kimkakati. Neno hili kimkakati limechoka. Siku hizi kuna miradi ya kimkakati, vikao vya kimkakati na hata mazao ya kimkakati, na likiwekwa mbele ya mji wa karne ya 16 halielezi lo lote. Mwandishi aseme wazi kwamba Mombasa ilikuwa kisiwa karibu kabisa na bara, chenye bandari zilizohifadhika pande mbili, katika njia ya pepo za msimu. Sifa ikitajwa kwa mambo yake yenyewe, haihitaji kivumishi.

3. Ngome, boma, gereza, husuni na lilinga

Tuna maneno mengi ya mahali palipojengwa kwa ajili ya kujihami, na waandishi huyatumia kana kwamba ni kitu kimoja. Yatupasa tuyatenganishe, kwa maana kila moja limesafiri njia yake.

Gereza ni neno ambalo wataalamu wengi wanalirudisha kwenye neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Kilwa Kisiwani ni jina la ngome. Wareno walijenga ngome yao mahali hapo mwaka 1505 na kuiacha mwaka 1512, na jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la zama za Waomani. Katika Kiswahili cha sasa gereza ni mahali pa kufungia wahalifu tu. Fort Jesus yenyewe ilitumiwa na Waingereza kama jela kuanzia mwaka 1895 mpaka mwaka 1958, hivyo kwa muda huo ilikuwa gereza kwa maana zote mbili. Mwanafunzi wa Iringa anaposoma kwamba Wareno walijenga gereza Kilwa, huwaza wafungwa. Neno hili libaki katika jina la mahali, liandikwe kwa herufi kubwa, na lielezwe mara ya kwanza linapotokea.

Husuni, kutokana na neno la Kiarabu la ngome, linapotosha kwa namna nyingine. Husuni Kubwa ya Kilwa ilikuwa kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, nayo haikuwa ngome ya vita. Jina limedumu na kazi ya jengo imesahauliwa. Mfasiri anayelichukua jina kuwa ndiyo fasili ataijaza Kilwa ya karne hiyo askari ambao hawakuwapo.

Boma lina mzigo mzito zaidi, hasa katika Nyanda za Juu Kusini. Asili yake ni uzio wa miti au mawe wa kujikinga, na kwa wafugaji ni zizi na makazi. Wajerumani walipojenga vituo vyao vya utawala, vituo hivyo viliitwa maboma, na tangu hapo boma likawa ofisi ya serikali. Wananchi wanaofunga ndoa mbele ya mkuu wa wilaya husema wamefunga ndoa ya bomani. Mjini Iringa jengo la Wajerumani liitwalo Boma leo ni makumbusho. Kwa hiyo kitabu kinapoandika boma la Mkwawa, jina la mshindi linakuwa limebandikwa juu ya jengo la mshindwa. Nyumba ya utawala wa Kijerumani na kuta za Kalenga zilizobomolewa na Wajerumani haohao hazipasi kuitwa kwa neno moja katika ukurasa mmoja.

Na hapa lugha za bara zina la kusema. Jina la Iringa lenyewe linatokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Kama vile Mombasa inavyoitwa Mvita, jina ambalo wengine hulihusisha na vita na wengine na Shehe Mvita, ndivyo na Iringa inavyobeba habari za vita katika jina lake. Mwandishi anayeandika ngome ya Iringa anasema ngome ya ngome bila ya kujua. Hatupendekezi lilinga lichukue mahali pa ngome katika Kiswahili cha taifa zima, kwa sababu ngome limekwisha kuenea na linatosha. Tunachopendekeza ni kwamba vitabu vya historia ya Wahehe vilitumie na kulieleza, kama vile vitabu vya historia ya Kilwa vinavyotumia Gereza na Husuni. Ikiwa jina la Kireno na la Kiarabu vimepewa nafasi katika kurasa zetu, la Kihehe halina sababu ya kukaa nje. Hali kadhalika kwa Utengule, makao ya Wasangu wa Merere, ambao walisukumwa na Wahehe mpaka nchi ya Wasafwa, magharibi ya mji wa Mbeya wa leo. Wazee wa huko waulizwe neno lao kabla ya kubandikwa la kwetu.

4. Kutwaa, kuteka, kupora, kutamalaki

Kitenzi kinachotumiwa zaidi katika habari za vita vya bandari ni kuteka, na kwa maoni yetu ndicho kinachochosha kuliko vyote. Watu huteka maji, huteka wanyama na huteka nyara. Tangu zama za ndege kutekwa angani, na zaidi sasa ambapo magazeti hutumia kutekwa kwa mtu aliyechukuliwa kwa nguvu asijulikane aliko, neno hili limeelemea upande wa watu. Mwanafunzi anayesoma kwamba mji ulitekwa nyara huwaza mtu aliyefungwa macho.

Tuyatazame matukio ya mwaka 1505. Mwezi Julai merikebu za Francisco de Almeida zilifika Kilwa, Wareno wakautwaa mji, wakaupora, wakajenga ngome na kuacha askari. Mwezi uliofuata walifika Mombasa. Huko wenyeji walipigana nao vikali, Wareno wakautwaa mji, wakaupora, wakauchoma moto, kisha wakatweka matanga wakaenda zao. Mwaka 1528 Nuno da Cunha aliushambulia mji huo tena, na yeye pia hakuweka makao ya kudumu. Ilikuwa mpaka mwaka 1593 ndipo Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na kukaa.

Katika vitabu tulivyovipitia matukio haya yote huandikwa kwa kitenzi kimoja: Wareno waliiteka Kilwa, Wareno waliiteka Mombasa, Wareno waliiteka tena Mombasa. Mwanafunzi mwerevu atauliza: kama waliiteka mwaka 1505, kwa nini waiteke tena mwaka 1528? Mwalimu hana jibu, kwa sababu kitenzi kimemnyima. Akipewa vitenzi vinne jibu linajitokeza lenyewe. Mwaka 1505 Mombasa ilitwaliwa na kuporwa, lakini haikutamalakiwa. Kilwa ilitamalakiwa kwa miaka saba, ikaachwa. Mombasa ilitamalakiwa kuanzia mwaka 1593.

Kutamalaki si neno la kuokotwa. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alilitumia katika jina la utenzi wake maarufu kuhusu vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, mwaka 1307 wa Hijra. Mshairi huyo aliyaona mambo kwa macho yake, na kwa neno moja alitofautisha kushinda vita na kuimiliki nchi. Tunapotafuta istilahi ya kukalia nchi ya wengine kwa nguvu na kuitawala, tunaitafuta huku imeandikwa juu ya jalada.

5. Ni nani asemaye?

Tumefika katika maneno yenye hatari zaidi, kwa sababu yanafanana na taarifa ilhali ni hukumu.

La kwanza ni uasi. Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf bin Hasan, mtawala wa Mombasa aliyelelewa Goa na kubatizwa Jerónimo Chingulia, aliingia Fort Jesus, akamwua kapiteni wa Kireno na kuitwaa ngome. Wareno walikuja kutoka Goa mwanzoni mwa mwaka 1632, wakashindwa kuirudisha, na walirudi ngomeni baada ya Yusuf mwenyewe kuondoka kwa merikebu. Juu ya lango la ngome yapo mpaka leo maandishi ya Kireno ya mwaka 1635 ambamo kapiteni Francisco de Seixas de Cabreira anajisifu jinsi alivyoitiisha pwani. Kwa mwenye lango, Yusuf ni mwasi. Je, mfasiri wa Kiswahili naye asimame langoni hapo? Mwasi ni mtu anayeivunja amri ya mtawala wake halali, na uhalali huo ndio hasa uliokuwa ukipiganiwa. Mwandishi aseme kwamba Yusuf aliitwaa ngome kwa nguvu, kisha aeleze kwamba Wareno walimwita mwasi. Hivyo hukumu itakuwa imeachiwa mwenyewe.

Jambo hilohilo liko Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe waliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski, na yeye mwenyewe akauawa. Masimulizi ya Kijerumani huliita tukio hilo maafa. Mfasiri akilichukua neno hilo kama lilivyo, ataandika maafa ya Lugalo katika kitabu kitakachosomwa na wajukuu wa washindi. Tena Mkwawa hawezi kuitwa mwasi katika mwaka huo, kwa kuwa hakuwa chini ya utawala wo wote wa Kijerumani.

La pili ni ukombozi. Vitabu vingi husema Waomani waliikomboa Mombasa mwaka 1698. Ni kweli kwamba wapo watu wa pwani waliomwomba Imamu wa Oman msaada. Lakini mwaka 1728, kwa sababu ya mifarakano ya Waomani wenyewe na ya miji ya pwani, Wareno walirudi Mombasa, na mwaka 1729 wakafukuzwa na wenyeji. Halafu Wamazrui, waliowekwa kuutawala mji kwa niaba ya Oman, walijitenga, na ilimchukua Seyyid Said mpaka mwaka 1837 kuupata mji. Katika mlolongo huo, ni nani aliyekombolewa, na kutoka kwa nani? Ukombozi ni neno ambalo taifa letu limelipa thamani kubwa kutokana na vita vya kusini mwa Afrika, na Mbeya iliyoko katika njia ya Zambia inalijua vizuri. Lisitolewe bure. Kwa mwaka 1698 yatosha kusema kwamba Waomani waliwatoa Wareno na kuitwaa ngome.

La tatu ni kuanguka. Kuanguka kwa Mombasa, kuanguka kwa Kalenga: huu ni msemo wa lugha za kigeni uliovaa kanzu. Kwa Kiswahili ukuta huanguka, mti huanguka, na mtahiniwa aweza kuanguka mtihani. Mji hutwaliwa, na ngome huvunjwa. Msemo wa kuanguka unamficha mtendaji, na vitani mtendaji ndiye habari yenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1894 jeshi la Friedrich von Schele lilifika mbele ya Kalenga, likaipiga kwa mizinga, na tarehe 30 likaivunja na kuingia. Kalenga haikuanguka, ilivunjwa. Wala haikuwa na mazingiwa yafananayo na ya Mombasa, kwa maana shughuli yote ilikuwa ya siku chache. Kitabu kinachosema Wajerumani waliizingira Kalenga kinamfanya mwanafunzi aulize juu ya njaa na visima, wakati swali la haki ni juu ya mizinga na kuta.

Hapa inafaa tuonye pia juu ya mizinga na mabomu. Waandishi wengine husema Wareno waliipiga Mombasa kwa mabomu. Mzinga wa mwaka 1505 ulitupa tufe la mawe au la chuma, na bomu ni kitu kinacholipuka. Katika Nyanda za Juu, ambako mtoto anaujua mzinga wa nyuki, mwalimu ana bahati ya kumwonyesha umbo la silaha hiyo kwa kitu alichokizoea.

La nne ni kutoroka. Inasemwa Mkwawa alitoroka Kalenga. Mhalifu hutoroka, na mfungwa hutoroka. Mkwawa alijiondoa Kalenga na kuendelea na vita kwa takriban miaka minne, mpaka alipojiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Hakusalimu amri hata mara moja. Neno kutoroka linaitupa miaka hiyo minne nje ya historia.

Mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu tunatoa mapendekezo yafuatayo, ili yajadiliwe na walimu na wafasiri kabla ya kuingizwa katika orodha za istilahi sanifu:

(a) Uzingiraji: kitendo cha jeshi kuzunguka mji au ngome ili kuwakatia waliomo njia za chakula na msaada. Vitenzi vyake ni kuzingira na kuhusuru.

(b) Mazingiwa: hali na muda wa waliomo katika mji au ngome iliyozingirwa. Mazingira yaachiwe maana yake ya sasa.

(c) Ufungaji wa bandari: kuzuia vyombo visiingie wala kutoka bandarini kwa nguvu za kivita. Vikwazo visitumike kwa maana hii.

(d) Kutwaa: kuupata mji au ngome kwa nguvu. Kuteka kutumike kwa watu, ambao ni mateka.

(e) Kupora: kuchukua mali za mji uliotwaliwa.

(f) Kutamalaki: kukaa na kutawala nchi au mji uliotwaliwa.

(g) Kuvunja ngome: kuingia ngomeni kwa kubomoa au kupanda kuta. Msemo wa kuanguka uepukwe.

(h) Ngome: neno la jumla. Gereza, Husuni na Lilinga yatumike kama majina ya mahali au ya kienyeji, yakiwa yameelezwa. Boma, katika habari za baada ya Wajerumani kufika, litumike kwa kituo cha utawala.

(i) Uasi, ukombozi na maafa: yasitumike katika maneno ya mwandishi mwenyewe bila ya kutajwa nani aliyeliita tukio kwa jina hilo.

Hapana shaka wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba mwanafunzi anahitaji kujua mwaka na jina la jemadari tu. Kwao tunajibu kwamba mwaka na jina hupatikana katika lugha yo yote. Kilichosababisha somo hili lifundishwe kwa Kiswahili ni kwamba kijana afikiri juu ya nchi yake kwa lugha yake, naye atafikiri kwa maneno tutakayompa. Walimu wa Mbeya na Iringa wanaombwa wayajaribu maneno haya darasani, kwanza katika habari za Kalenga na Utengule ambazo wanafunzi wao wanazijua, kisha katika habari za Kilwa na Mombasa, na watuletee majibu ya wanafunzi kama yalivyo.